Nimesikiliza Madvillainy nikatoka kapa: nianzie wapi na MF DOOM?

*Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Morogoro, nimekua nikisikiliza Fid Q, Nikki Mbishi na Kalamashaka. Rafiki yangu ananisumbua kila siku na MF DOOM, anasema hakuna aliyewahi kuandika mistari kama yeye. Akanitumia albamu yake, Madvillainy. Nimeisikiliza mara mbili nikatoka kapa: ngoma zinaisha kabla hazijakolea, korasi hakuna, jamaa anachana kama katoka usingizini. Tatizo ni Kiingereza changu? Nianzie wapi? Na ni kweli alikuwa akituma watu wengine wavae kinyago chake na kupanda jukwaani badala yake?*

Marahaba, mdogo wangu. Kiingereza chako hakina neno, na sikio lako ni zima. Yote uliyoyasikia yamo kweli. Madvillainy ina vipande 22 ndani ya dakika kama 46, vingi havifiki hata dakika tatu, na korasi ni za kutafuta kwa tochi. Rafiki yako amekupa albamu inayosifiwa kuliko zote za DOOM, na mashabiki wake ndivyo wanavyofanya siku zote kwa mgeni. Mimi sikubaliani nao. Ile ni kazi ya watu wawili waliokuwa wamekwisha kuchoshwa na kanuni za hip hop, na nusu ya utamu wake ni kusikia jinsi wanavyozivunja. Asiyejua DOOM alitoka wapi hasikii kilichovunjwa. Anasikia vipande tu, kama ulivyosikia wewe.

Kwa hiyo iweke kando kwa muda. Anza na MM..FOOD, kisha rudi nyuma hadi Operation: Doomsday, halafu ndipo uirudie Madvillainy. Hizo tatu zikikukaa, zilizobaki utazitafuta mwenyewe bila kushikwa mkono. Ila kabla hujabonyeza chochote, ijue kwanza habari ya mdogo wake, kwa maana bila hiyo kile kinyago utakiona ni mbwembwe za jukwaani tu.

Jina halisi la DOOM ni Daniel Dumile. Alizaliwa London tarehe 13 Julai 1971, mama mtu wa Trinidad, baba mtu wa Zimbabwe. Alipelekwa Marekani angali mdogo, akakulia Long Island, pembeni ya jiji la New York. Yeye na mdogo wake Dingilizwe, ambaye kwenye muziki aliitwa DJ Subroc, wakaunda kundi la KMD, Daniel akijiita Zev Love X. Mwaka 1989 alisikika kwenye The Gas Face, wimbo wa kundi la 3rd Bass, na mwaka 1991 KMD wakatoa albamu yao ya kwanza, Mr. Hood, chini ya Elektra, lebo kubwa. Tafuta video zao za wakati ule. Utamwona kijana mchangamfu, uso wazi, anacheka na kamera, anachana kwa sauti nyepesi ya kitoto. Wengi wanaomjua DOOM wakionyeshwa video hiyo hubisha kuwa si yeye.

Aprili 1993, wakiwa kwenye albamu ya pili waliyoiita Black Bastards, Subroc aligongwa na gari akijaribu kuvuka barabara kuu ya Long Island, akafariki. Alikuwa na miaka 19. Daniel akaimalizia kazi peke yake. Mwaka 1994, albamu ikiwa inasubiri kutoka, ukazuka ubishi juu ya picha ya jalada, aliyoichora Daniel mwenyewe. Ilionyesha kikaragosi cha mtu mweusi, wa aina ile waliyozoea kutuchora Wazungu wa Marekani kwa dhihaka, amening'inizwa kitanzini. Aliyekuwa akinyongwa pale ni dhihaka yenyewe, lakini lebo haikutaka maelezo. Albamu ikafungiwa, kundi likatemwa. Ilikuja kutoka rasmi miaka ya mwanzoni mwa 2000, wakati Zev Love X hayupo tena.

Hebu piga hesabu. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alimpoteza ndugu, akapoteza kazi waliyoifanya pamoja, akapoteza na mkataba. Akatoweka kabisa kwenye muziki kwa karibu miaka mitatu, na kuna wakati alikaribia kukosa hata pa kulala.

Alipoibuka tena, mnamo 1997 na 1998, alikuwa akipanda jukwaa la wazi pale Nuyorican Poets Café, Manhattan, amejivika soksi ndefu ya kike usoni kama mtu aliyekuja kuvunja duka. Kinyago cha chuma kilifuata baadaye. Jina na sura alivitoa kwa Doctor Doom, adui wa Fantastic Four kwenye vitabu vya katuni vya Marvel: msomi mkubwa aliyeharibika uso, akajifunika chuma na kuapa kulipiza. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua kila picha ina steringi na ina adui, na steringi hafi. DOOM aliamua kukaa upande wa adui. Ndiyo maana mara nyingi akichana anajitaja kama mtu mwingine, "yeye" badala ya "mimi", mithili ya msimulizi anayetupa habari za mhalifu fulani. Usichukue kila tambo kuwa ni maisha ya Daniel. Daniel ni mwandishi, DOOM ni mhusika, na baadaye utakutana na wahusika wengine wawili waliotoka kichwani mwa mtu huyohuyo.

Na kinyago kina kazi nyingine. Enzi zile rapa alikuwa anauzwa kwa sura: gari, cheni, mwili, viatu. Mwenyewe alisema zaidi ya mara moja kuwa hakutaka msikilizaji ashughulike na sura yake, alitaka ashughulike na kinachotoka kwenye maiki. Mtu aliyekwisha kuvuliwa kila kitu na lebo kubwa ana sababu ya kusema hivyo.

Haya, sasa MM..FOOD. Ilitoka Novemba 2004 kwa Rhymesayers, lebo huru ya Minneapolis. Jina ni herufi zilezile za MF DOOM zikiwa zimepangwa upya, na nyimbo zote 15 zimepewa majina ya vyakula, vinywaji na mambo ya mezani. Biti nyingi ameziunda mwenyewe. Nakuanzishia hapa kwa sababu ndiyo albamu yake yenye ukarimu: nyimbo zina urefu wa kawaida, mada zinashikika, na biti zimejengwa juu ya muziki wa soul ambao hata mama yako akipita atatingisha kichwa.

Bonyeza Hoe Cakes kwanza. Chini kuna mtu anapiga ngoma kwa mdomo, juu kuna kipande cha Sweet Love ya Anita Baker, na katikati DOOM anajisifu bila haraka. Usijali maneno, sikiliza jinsi anavyokaa juu ya biti. Kisha Deep Fried Frenz, wimbo mzima kuhusu marafiki: nani rafiki wa kweli, nani wa kutaka kitu, nani wa kukwepa. Kiingereza chake pale ni chepesi na mada unaijua kutoka mtaani kwako. Baada ya hapo Rapp Snitch Knishes, akiwa na Mr. Fantastik. Gitaa lake litakunasa kabla hujaelewa neno. Ukija kuelewa, utacheka: wanawasema marapa wanaokiri uhalifu wao wenyewe kwenye nyimbo, halafu polisi wakibisha hodi wanashangaa nani kawachoma. Mwaka 2004 ilikuwa kejeli. Miaka iliyofuata waendesha mashtaka wa Marekani wamekuwa wakipeleka mashairi ya marapa mahakamani kama ushahidi, na wimbo umezidi kukolea.

Beef Rapp, inayofungua albamu, inacheza na bifu ya sahani na bifu ya ugomvi, na ni pale utakapoona kwa mara ya kwanza ukali wa kalamu yake. One Beer, ambayo biti yake ni ya Madlib, mwenzake wa kwenye Madvillainy, itakuonjesha kidogo kile kilichokushinda kwenye Madvillainy. Onyo moja: katikati ya albamu kuna vipande vinne mfululizo, kuanzia Poo-Putt Platter hadi Fig Leaf Bi-Carbonate, ambavyo si nyimbo za kuchana. Ni sauti za katuni na vipindi vya zamani zilizokatwa na kushonwa upya zitengeneze kisa. Ukisikiliza kwa mara ya kwanza, viruke, wala usione haya. Mimi navipenda, ila vingeweza kuwa viwili.

Sasa nije kwenye kuchana kwenyewe, maana rafiki yako anaposema hakuna aliyeandika kama yeye, ana hoja, na wewe uliyesoma ushairi wa Kiswahili shuleni una faida ambayo kijana wa Marekani hana.

Umefundishwa vina na mizani. Kwenye shairi la kawaida kina cha kati kinakaa kwenye mizani ya nane, cha mwisho kwenye ya kumi na sita, na msikilizaji anajua wapi pa kukisubiri. Rapa wa kawaida naye ana mahali pake: kina kinaangukia mwisho wa mstari, pale ngoma inapogonga. DOOM anafanya mambo mawili tofauti. La kwanza, kina chake hakiwi silabi moja. Anaoanisha mnyororo mzima wa irabu, silabi nne, tano, wakati mwingine zaidi. Nikutungie mfano wa Kiswahili: "Kavaa kanga mbili, kaleta janga hili, na nani kachanga bili?" Humo kinachojirudia si ile "li" ya mwisho peke yake. Ni a-a-i-i nzima, na "nga" imo ndani yake kila mara. DOOM akiushika mnyororo kama huo anaweza kwenda nao mistari minne au sita bila kuuachia, na bado habari anayosimulia ikaendelea. Ukitaka kupima ugumu wake, jaribu kuongeza mstari wa nne kwenye huo wangu, tena wenye maana.

La pili ni mahali anapokiweka. Anakiwahisha, anakichelewesha, anarundika vitatu ndani ya nusu mstari kisha anakuacha mkono mtupu kwenye mstari unaofuata. Panchi, yaani ule mstari wa kuchoma au kuchekesha, inaweza kupita katikati ya sentensi wakati wewe unaisubiri mwishoni. Rapa wengine hupaza sauti panchi ikikaribia, wakakupa ishara ujiandae. Yeye habadili sauti hata kidogo, mfano wa mchekeshaji asiyecheka utani wake mwenyewe. Hapo ndipo ulipomwona kama katoka usingizini. Hata Wamarekani panchi zake nyingi huzidaka wakisikiliza mara ya tatu au ya nne, na nyingine hawazidaki kabisa, maana anarejelea katuni, mieleka na matangazo ya televisheni ya utotoni mwake, miaka ya 1970 na 1980.

Ana mchezo mwingine ninaoupenda zaidi ya yote. Anapanga mistari kiasi kwamba unajua kabisa neno linalokuja, mara nyingi ni tusi, kina kimeshakuelekeza, mdomo wako umeshaanza kulitamka. Halafu anaweka neno jingine la heshima kabisa, lisilo na kina chochote. Unabaki na tusi kichwani, na mwenyewe hajatukana.

Utaratibu ninaokushauri ni huu: wimbo usikilize mara ya kwanza bila maandishi, kwa spika za masikioni, maana kwenye spika ya simu zile besi zake hazisikiki na sauti yake ya kukwaruza inazama. Mara ya pili soma mashairi huku wimbo ukienda. Maelezo ambayo mashabiki huyaandika mtandaoni chini ya kila mstari yasome mwisho, tena kwa tahadhari. Yapo yanayosaidia, hasa kwenye majina ya vyakula na katuni, na yapo ya watu wanaotafuta siri pasipo na siri. Na kwa kuwa najua bando halitoshi siku zote: ukipakua kutoka YouTube, hakikisha ni wimbo wenyewe. Kumejaa kazi za mashabiki waliochukua sauti ya DOOM wakaiweka juu ya biti nyingine. Baadhi ni nzuri, ila zitakuchanganya unapojifunza.

MM..FOOD ikishakuzoea, nenda Operation: Doomsday ya mwaka 1999. Hii ndiyo albamu ya kwanza aliyoitoa akiwa DOOM, na kwangu ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wake. Ilitolewa na Fondle 'Em, lebo ndogo ya Bobbito Garcia, mtangazaji ambaye pamoja na DJ Stretch Armstrong waliendesha kipindi cha usiku kwenye WKCR, redio ya Chuo Kikuu cha Columbia, ambako marapa wengi wa New York walipita kabla hawajajulikana. Sauti yake ni chafu, utadhani imerekodiwa chumbani kwa mtu. Usiikimbie kwa hilo.

Sikiliza alichosampo, yaani vipande vya nyimbo za wengine alivyovikata akajengea biti. Wakati watayarishaji wenzake walikuwa wakichimba funk na jazz za zamani, DOOM aliokota nyimbo laini za miaka ya 1980 ambazo watu wa hip hop ngumu waliziona za kina mama. Wimbo wenyewe wa Doomsday umekaa juu ya Kiss of Life ya Sade, na utaitambua mara moja kwa sababu Sade hajawahi kuondoka kwenye redio zetu. Rhymes Like Dimes imetoka kwenye One Hundred Ways ya Quincy Jones. Gas Drawls imekata Black Cow ya Steely Dan. Katikati ya nyimbo kuna sauti za katuni za Fantastic Four zinazosimulia habari za Doctor Doom, kana kwamba albamu nzima ni filamu ya adui.

Lakini adui huyu ana msiba. Kiitikio cha Doomsday anawazia kaburi lake mwenyewe, jina la Dumile juu yake, na kurudi kule alikotangulia ndugu yake. Watu wanaucheza wimbo huo kwenye sherehe kwa sababu ya ile sampo ya Sade, na sidhani kama alikosea kuwaachia waucheze. Kisha tafuta wimbo ulioitwa kwa alama ya kuuliza tu, "?", aliomshirikisha Kurious. Ubeti wa mwisho anaongea na Subroc moja kwa moja, anakumbuka walivyofanya kila kitu pamoja, tangu rakaa walizoswali hadi makoti ya ngozi waliyonunua. Hakuna kinyago kwenye ubeti ule. Ukiusikia baada ya kuijua habari niliyokupa juu, hutauliza tena kwa nini huyu mtu alijificha.

Sasa uko tayari kwa Madvillainy. Ilitoka Machi 2004 kwa Stones Throw ya Los Angeles, na mwenzake ni Madlib, prodyuza wa Oxnard, California. Sehemu ya biti Madlib alizitengeneza mwaka 2002 akiwa ziarani Brazil, kwenye chumba cha hoteli, São Paulo, kwa vifaa vya kubeba mkononi: mashine ndogo ya sampo iitwayo SP-303, kicheza santuri kidogo na deki ya kanda. Ndiyo maana kuna vipande vya muziki wa Kibrazili vinachungulia huku na kule, na ndiyo maana biti nyingi ni fupi na zina vumbi la santuri.

Halafu kuna jambo ambalo rafiki yako hakukwambia. Kanda ya awali ya albamu ilivuja zaidi ya mwaka mzima kabla ya kutoka. Kwenye kanda hiyo DOOM anachana kwa nguvu na kwa uchangamfu. Baada ya kuvuja, akarudia kurekodi sauti nyingi, safari hii chini zaidi, taratibu zaidi, karibu anaongea. Ule usingizi uliousikia aliuchagua. Kanda iliyovuja bado inapatikana, na ukizisikiliza zote mbili moja baada ya nyingine utaona jinsi mistari ileile inavyogeuka kitu kingine. Wapo wanaopenda ile ya kwanza. Mimi niko na ya pili, kwa sababu biti za Madlib zimejaa vitu, na sauti ya juu ingegombana nazo.

Isikilize kwa mkupuo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, usichanganye mpangilio. Ukifika Accordion, ambayo haina korasi hata moja, usisubiri kiitikio: anasema ubeti wake, akimaliza anaondoka. Raid na Figaro zitakuonyesha ile minyororo ya vina ikiwa katika kasi yake kamili. All Caps ndiyo inayokumbusha kwamba jina lake huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na ndiyo maana ukiandika "Doom" mbele ya shabiki atakurekebisha kabla hajakusalimu.

Kwa mtu aliyelelewa na Nikki Mbishi, kituo kinachofuata ni Vaudeville Villain ya 2003. Pale hajiiti DOOM, anajiita Viktor Vaughn, kijana mkorofi, mwepesi wa mdomo, mwenye mapigano mengi. Biti karibu zote ni za watu wengine na zina sauti za kikompyuta, baridi kabisa, tofauti na ukarimu wa MM..FOOD. Kwa upande wa mistari ya kuchapana, naiona ndiyo kilele chake, juu hata ya Madvillainy, na najua kuna watakaonirushia mawe. Mwaka huohuo alitoa Take Me to Your Leader kwa jina la King Geedorah, zimwi lenye vichwa vitatu kutoka filamu za Godzilla. Humo anachana kidogo, kazi yake kubwa ni kutengeneza biti na kuwaachia wengine maiki. Fazers ni ya kwake mwenyewe, anza na hiyo.

Ukipenda biti tupu za kusomea au kupikia, kuna mfululizo wa Special Herbs aliouita kwa jina la Metal Fingers, biti zote zimepewa majina ya viungo na mitishamba: zafarani, uwatu, manemane, ungedhani uko Darajani. Baadhi ya biti zake rapa Ghostface Killah wa kundi la Wu-Tang alizitumia kwenye Fishscale ya 2006. Ile ya katuni aliyofanya na Danger Mouse mwaka 2005 ina utani mwingi wa kipindi cha televisheni ambacho hujakiona, iache mwisho. Born Like This ya 2009 ni nzito na ya giza, ina biti za prodyuza J Dilla, na ina wimbo mmoja, Batty Boyz, unaodhihaki mashoga kwa namna ambayo hata mashabiki wake wengi huuruka. Sikufichi pia kwamba hapa na pale kwenye kazi zake kuna lugha chafu juu ya wanawake. Haikujaa kama kwa marapa wengi wa rika lake, lakini ipo. Zilizotoka baada ya 2010 nyingi ni za kushirikiana na wengine, na ukisikiliza Key to the Kuffs umesikia iliyo bora kati yake.

Umeuliza kuhusu watu wa kuvalishwa kinyago. Ndiyo, ni kweli. Kuanzia mwaka 2007 hivi kulikuwa na shoo Marekani ambapo watazamaji waliona mwili si wake, sauti inatoka kwenye rekodi na mdomo nyuma ya chuma haujulikani kama unasema kitu. Watu walizomea. Alipoulizwa na jarida la The New Yorker mwaka 2009 hakukana wala hakuomba radhi: alisema yeye ni mwandishi na mwongozaji, na anaweza kumpa kinyago mtu yeyote amtakaye. Kuna wanaolitetea jambo hilo kama sanaa, kwamba ni mwendelezo wa wazo la kuficha sura. Mimi naona wazo lina mantiki kwenye karatasi, ila aliyelipa kiingilio, akapanga foleni na kurudi nyumbani usiku hakununua wazo, alinunua kumsikia mtu. Aliibiwa.

Mwaka 2010, baada ya ziara ya Ulaya, Marekani ilimkatalia kuingia tena. Alikuwa amekulia kule tangu utotoni, lakini hakuwahi kupata uraia. Akabaki Uingereza alikozaliwa, akafariki Leeds tarehe 31 Oktoba 2020, akiwa na miaka 49. Familia ilitangaza siku ya mwisho ya mwaka huo. Kwa hiyo, ukitaka kumwona jukwaani kwa macho yako na kuwa na hakika ni yeye, tafuta video za mwaka 2004 na 2005. Ana tumbo, ana maiki mkononi, na mistari wanaimalizia watazamaji.